Mikate Sitini na Minne ya Rahab

Ukitaka jambo lienee Kitale nzima, usisumbuke kulipeleka redioni. Niambie mimi, kisha unisihi nisimwambie mtu. Sijivunii tabia hii. Mume wangu amenikanya, mchungaji amenikanya, na mwanangu Kimotho, ambaye sasa ni mtu mzima na ndevu zake, hunyamaza kwenye simu kila nikiingia chumbani. Lakini kama si mdomo wangu, bekari ya Rahab leo ingekuwa duka la vipuri vya pikipiki, kwa hivyo naomba nisikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Rahab ni jirani yangu kazini. Mimi nashona nguo, yeye anaoka mkate, na kati yetu kuna ukuta wa mbao ambao hauzuii chochote, wala harufu wala maneno. Baba yake alitoka Nyeri akaja Trans-Nzoia na watoto sita na ng'ombe mmoja, akanunua ekari tatu, na Rahab akakulia katikati ya mahindi bila kuyapenda hata siku moja. Yeye alipenda ngano. Alipomaliza darasa la nane alipata kazi ya kuosha sufuria jikoni mwa shule moja ya bweni, na mpishi wa pale, mzee mkali asiyesalimia watu, akamfundisha kugonga mkate kwa kidole chini yake na kusikiliza kama umeiva. Mpaka leo Rahab hutega sikio kwenye mkate kama daktari anayepima kifua cha mtoto.

Aliolewa na Ngige, ambaye hakuwa fundi wa mawe lakini aliapa kumjengea mkewe oveni ya matofali kwa mikono yake. Ya kwanza iliporomoka kabla haijawashwa moto. Ya pili iliinama kidogo upande wa kushoto, na imeinama hivyo kwa miaka ishirini na miwili, ndiyo maana kila mkate wa Rahab una bega moja juu na moja chini. Ukimcheka kwa hilo anakuuliza kama na wewe mabega yako umeyapima karibuni.

Sasa, mtu asiyemjua atadhani nazungumzia duka tu. Hapana. Krismasi mtaa mzima hupeleka mbuzi wao kwenye ile oveni, kila mbuzi na kitambaa chake cha rangi mguuni ili wasichanganyike. Kukitokea msiba, hema halijasimama na tayari Ngige ameshafika na baiskeli, kreti la mikate nyuma, ameshateremsha na ameshaondoka bila kungoja shukrani. Maziwa anayotumia Rahab ni ya Cheptoo wa nyuma ya kanisa, mayai ni ya mjane mmoja wa kule juu, na kuni ni za ndugu yake Ngige. Anajua mtoto gani hali ganda na mzee gani anataka ganda peke yake. Nionyeshe mashine inayojua hayo nami nitafunga mdomo.

Basi mwaka jana likafunguliwa supamaketi, hatua mia moja kutoka kwetu, vioo kutoka chini hadi juu. Mkate wao ni mweupe, umekatwakatwa tayari, na bei yake iko chini kidogo. Ukiubonyeza unarudi juu kama godoro. Watu wakaanza kupotea kwa Rahab mmoja mmoja, na nitasema bila kuzungukazunguka kwamba mmoja wao nilikuwa mimi. Mimi! Mtu ninayeamka na ile harufu puani! Nilikuwa naununua jioni na kuufunga ndani ya leso. Siku moja mzigo wa vitambaa ukanishinda nikiwa njiani, na Rahab akanikuta, akanipokea lile furushi la leso, akalibeba mpaka mlangoni kwangu. Alijua alichobeba. Mtu anayeshika mkate tangu akiwa msichana hawezi kudanganywa na leso. Ningependa kuliko yote kama angenitukana.

Jumatano moja akaja upande wangu, akaketi kwenye kiti cha wateja na kuanza kukunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Mama Kimotho," akasema, "hata kuku wangu wamechoka na mkate. Leo nimewatupia wakaniangalia tu."

Halafu akaniambia lililokuwa moyoni. Kuna mtu wa Misikhu anayeitwa Nehemiah, kazi yake kununua vifaa vya biashara zilizokufa na kuviuza kwa zinazozaliwa. Wameshapatana. Atakuja Jumatatu na pikapu kuchukua mikebe yote ya kuokea, meza ya kukandia, na mizani. Oveni haibebeki, kwa hivyo itabaki imeinama pale pale.

"Na Ngige anasemaje?" nikamuuliza.

"Ngige hasemi. Anapaka baiskeli mafuta tu." Akasimama. "Usimwambie mtu. Nataka nifunge bila kelele. Sitaki kuhurumiwa, umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Na nilisikia kweli. Nilikaa na siri ile tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa tano.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Cheptoo, na nilikuwa na sababu: maziwa yake yangemwagika wapi? Nikamwapisha. Nikamwambia, "Nenda ununue mkate, lakini asijue kwamba unajua." Baadaye nikakutana na mwekahazina wa chama chetu sokoni, naye pia nikamwapisha. Kufika Alhamisi mchana nilikuwa nimewaapisha wanawake kumi wa chama, kila mmoja kando, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake duniani anayejua. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kumi na moja. Sikuona tatizo lolote. Ningeulizwa ningesema nimefanya kazi safi.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Binti yake Rahab, Gladwell, ameolewa Kanduyi, pale pembeni ya mji wa Bungoma, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Chama chetu kina utaratibu wa kwenda kumwona mzazi. Katibu huandika orodha: huyu sukari, huyu unga wa uji, huyu sabuni, huyu mafuta ya mtoto, huyu majani chai. Mkate huandikiwa mtu mmoja tu, na safari hii mkate uliandikiwa mimi.

Alhamisi na Ijumaa, bekari ya Rahab ilikuwa kama ya sikukuu. Nilikuwa nikisikiliza kupitia mbao, sindano imesimama. Huyu anataka mikate sita, ati ana wageni kutoka Nakuru. Yule anataka mitano, ati watoto wamefunga shule, na ilikuwa katikati ya muhula. Cheptoo akaomba saba na hakutoa sababu yoyote kwa kuwa hajui kudanganya, alisema tu, "Nina njaa." Rahab akawasha oveni mara tatu kwa siku. Akaimba! Sijawahi kumsikia Rahab akiimba nje ya kanisa, na sasa najua ni kwa nini, lakini siku ile niliona sauti yake ni tamu. Ijumaa jioni alipitisha kichwa mlangoni kwangu, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mama Kimotho, wamerudi! Wenyewe, bila kuitwa. Sijui hata kama nitampigia Nehemiah asije."

Nilifurahi mpaka nikashona mkono wa blauzi kwenye shingo.

Jumamosi tukapanda basi dogo la kanisa. Kila mwanamke alikuwa na kikapu magotini kimefunikwa leso, na kila mmoja alikikumbatia kuliko kawaida. Hatujafika Kiminini, basi zima likanuka bekari. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Wanawake kumi walikuwa wakitazama nje ya dirisha kwa bidii kubwa, kana kwamba hawajawahi kuona mahindi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimekosea mahali. Rahab yeye alikuwa mbele na dereva, anacheka. Tulipopita Misikhu akatuonyesha banda lenye mabati mekundu. "Pale ndipo mikebe yangu ingeenda," akasema kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeona tena haja ya siri, na basi zima likakohoa.

Nekoye, mama yake Wabwile mume wa Gladwell, alitupokea nje na salamu ya kwao. Ni mwanamke mkubwa, mchangamfu, aliyestaafu kazi ya karani, na anapokumbatia mtu huwa anamwinua kidogo.

"Kalibuni wakwe, kalibuni! Mlembe! Ingieni muone mtoto, amechukua pua ya huku kwetu yote!"

Tukamwona mtoto, tukampongeza Gladwell, tukaketi. Vikapu vikawekwa kwenye mkeka katikati, kama ilivyo desturi, na mwenye boma akaanza kuvifunua kimoja kimoja na sisi tukipiga vigelegele.

Cha kwanza kilikuwa changu. Mikate sita, karatasi ya kaki. Vigelegele. Cha pili, mikate mitano. Vigelegele. Cha tatu kilikuwa cha Cheptoo, aliyeandikiwa sukari. Mikate saba. Vigelegele vikapungua. Cha nne, mikate. Cha tano, mikate. Ilipofika cha nane hakuna aliyepiga kitu, na Nekoye alikuwa akifunua leso polepole kama mtu anayehofia nyoka. Kufika cha kumi na moja palikuwa na mlima. Mikate sitini na minne, yote bega moja juu na moja chini. Hapakuwa na punje ya sukari. Hapakuwa na sabuni; pesa zote zilikuwa zimeishia kwa Rahab. Mtoto hana jino hata moja.

"Wakwe," Nekoye akauliza kwa adabu, "huko Kitale mmesikia sisi huku hatukuri chakula?"

Gladwell alianza kucheka akashika tumbo, maana mzazi hapaswi kucheka hivyo, na sote tukaangua. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Cheptoo akaniangalia akasema mbele ya wote, "Si uliniapisha mimi peke yangu?" na mwingine akasema, "Wewe nawe? Si ni mimi?" na wakaanza kunihesabia vidole hapo hapo, kumi, huku mimi natafuta pa kuingia.

Rahab hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mlima. Akasimama taratibu, akatoka.

Nikamfuata nyuma ya jikoni, karibu na migomba. Alikuwa amesimama mikono kifuani.

"Kwa hivyo hakuna wageni wa Nakuru," akasema.

"Hakuna."

"Hakuna aliyerudi. Mlikuwa mnanitolea sadaka." Sauti yake ikakatika. "Nimeimba, Mama Kimotho. Siku mbili nimeimba kama mjinga, na nyinyi mnanisikia mnasema masikini, muacheni aimbe."

Nililia. Sina maneno ya kupamba hapa. Nilimwambia kosa ni langu, nikamwambia na la ule mkate ndani ya leso, nikamwambia nilikuwa naununua kwa sababu umekatwa tayari na mimi ni mvivu, na kwamba kila nikiuma nilikuwa namkumbuka yeye. Akaniambia kumbukumbu haziwashi oveni. Akasema Nehemiah atakuja Jumatatu kama walivyopatana, na safari hii sina wa kumwambia, wote wanajua.

Wakati huo huo, ndani ya nyumba, Nekoye alikuwa na shida yake. Kule kwao, na hata kwetu, mgeni akikuletea kikapu hukirudishi kitupu. Unaweka kitu: kuku, ndizi, mayai, chochote. Safari kama hii kwa kawaida mwenye boma huandaa vikapu vitatu au vinne, vingine vinajazwa kidogokidogo. Lakini vikapu kumi na kimoja vilivyojaa hadi mdomoni, na sisi ni wakwe! Nekoye alikuwa na kuku watatu na mkungu mmoja wa ndizi. Basi akafanya hesabu ya haraka: mkate anao, majirani anao. Akamwita Wabwile na dada zake, akawapa mikate mikononi, akawatuma kila nyumba. "Peaneni mkate, mseme Nekoye ana wakwe, watoe kitu cha kuweka kwa kikapu."

Hatukujua lolote. Tulikuwa bado kwenye migomba tukigombana kwa kunong'ona tulipoona watu wakianza kuingia uani. Huyu na kuku kwapani. Yule na njugu karanga ndani ya kofia. Bibi mmoja na mabua matatu ya miwa begani. Mzee Wanyonyi wa boma la pili na mayai mifukoni, anatembea kama amevaa viatu vya mtu mwingine. Na wote, nasema wote, walikuwa wakitafuna.

Nyuma yao akaja mwanamke mfupi mwenye aproni, kuku mkono mmoja, kipande cha mkate mkono wa pili. Anaitwa Phelista, na ana hoteli ya chai karibu na uwanja wa mpira wa Masinde Muliro. Gladwell alitwambia baadaye kwamba mtu huyo hajawahi kusifu chakula cha mwanadamu mwingine tangu azaliwe.

"Nani ndio anaoka hii mkate?" akauliza uani, kwa sauti ya askari.

Nikamwonyesha Rahab kwa kidevu. Sikuweza kujizuia.

"Ni wewe? Nataka ya kuuza na chai. Unaleta siku gani huku?"

Rahab akamwangalia, kisha akaniangalia mimi, na uso ukakauka.

"Nani amekutuma? Ni huyu? Mama Kimotho, umeanza na watu wa Bungoma pia?"

"Nani, huyu?" Phelista akanipima toka juu mpaka chini. "Mimi huyu simjui na sijui wewe. Nimepewa mkate, nimekura njiani, umebaki hiki tu. Sasa kuuriza mwingine nimekuwa mwizi?"

"Sema tu ukweli, mama. Wamekwambia ninafunga, ndio unihurumie."

"Nikuhurumie kwa nini, na mkate wako hauna chumvi?"

Rahab akatega sikio kama anavyolitegea mkate.

"Ati?" akasema Rahab.

"Chumvi imepungua. Mkate ni mzuri, siwezi danganya, ni mzito, unashika chai bila kuvunjika, haifanani na hiyo pamba ninaretewa hapa. Rakini chumvi uliogopa."

"Mimi? Niogope chumvi? Mimi nimeoka miaka ishirini na miwili!"

"Basi umekosea miaka ishirini na miwili, bana."

Haiya! Rahab alishusha mikono kifuani. Alimsogelea yule mwanamke akaanza kumweleza kwamba chumvi ikizidi inaua hamira, kwamba mkate wa chai si samaki, kwamba watu wa Bungoma wamezoea mboga kali mpaka ulimi umekufa. Phelista akajibu kwamba watu wa Kitale wanapika kama wagonjwa. Walikuwa pua kwa pua, kuku katikati. Na mimi niliona uso wa Rahab ukifunguka, ukifunguka, mpaka akawa anapiga kelele huku anatabasamu kwa meno yote. Kwa maana mtu anayekuhurumia hakuambii habari ya chumvi. Nimemjua Rahab muda mrefu na sijapata kumwona amefurahi kiasi kile kwa kutukanwa.

"Siku ya mpira unauza mingapi?" akauliza mwishowe, akihema.

"Arobaini, na zinafika zimekauka. Niretee Jumatano na Jumamosi. Na uongeze chumvi."

"Siongezi."

"Kidogo tu."

"Nitajaribu mikate miwili uone mwenyewe ilivyo mibaya."

Mzee Wanyonyi, mayai bado mifukoni, akauliza kama na yeye anaweza kuletewa wake siku hizo hizo. Bibi wa miwa akasema miwili. Nekoye akatoka mlangoni akaona hali ilivyo, akaingia ndani, akaja na daftari la chama chao cha kule na kalamu, maana ukarani haumtoki mtu.

Tulirudi Kitale na kuku saba ndani ya basi la kanisa, mmoja wao akiwa amekalia Biblia ya dereva. Hakuna aliyekunywa chai yenye sukari siku ile na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu Nehemiah alikuja na pikapu yake. Nilisimama mlangoni na mita ya kupimia nguo shingoni, sikutaka kupitwa. Alikuta mikebe yote ikiwa na mkate ndani, moto. Akangoja. Ikatoka, ikajazwa tena. Akangoja tena, Ngige akampa kipande chenye siagi, akala, akauliza kama kwa kweli hawauzi. Rahab akamwambia hauzi, ananunua, amtafutie mikebe mingine ishirini na asimletee yenye kutu. Yule mtu akaondoka na mikate mitatu ya familia yake.

Ni miezi minne sasa. Jumatano na Jumamosi lori moja la kabeji linapita asubuhi na Ngige anapanda nalo mpaka Kanduyi, ameketi juu ya kreti kama chifu. Wale wanawake kumi wa chama wamerudi kweli, maana baada ya kula tena mkate wa Rahab kule Kanduyi, ule wa supamaketi haukupita tena kooni. Chumvi imeongezwa. Rahab anakana. Mimi nina ulimi, najua.

Lakini sasa ana tabia mpya. Mteja yeyote wa mtaani akiingia, anamkazia macho kwanza. Alhamisi iliyopita niliingia mwenyewe saa kumi, nimechoka, nimebeba sarafu zangu mkononi.

"Unataka wa kula ama wa kunihurumia?" akaniuliza.

"Wa kula, Mama Gladwell. Kwa jina la Mungu, wa kula. Nina njaa."

Akanitazama vizuri. Akaona ni kweli. Akacheka mpaka akashika meza.

"Basi hakuna," akasema. "Umeisha. Kesho uje mapema kama wengine."